Ubani wa Manzanar

Nilikwenda California kwa ajili ya kaburi. Mjomba wangu, kitinda mimba wa nyumba ya bibi, aliondoka Tanga akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akazunguka na meli, mwisho akatia nanga San Pedro, kwenye bandari ya Los Angeles. Alifanya kazi ya makontena zaidi ya miaka thelathini na akafia huko huko. Sisi tulimsomea hitima Ngamiani, tukapika pilau, na arobaini yake ikapita bila kaburi la kuzuru. Mama hakuridhika. Miaka mitano alinirudia jambo lile lile: nenda ukamwone, umsomee pale alipo.

Nilifika Aprili 2024. Binamu yangu, binti wa marehemu, alinipeleka makaburini asubuhi ya pili. Nilitegemea kulikuta limeota majani, maana yeye ni nesi na zamu zake ni za usiku. Nikalikuta limefagiliwa. Na juu yake, upande wa kichwa, limewekwa chungwa moja.

Nilisimama nikaliangalia lile chungwa. Kwetu kaburini huwekwa asumini, hunyunyizwa marashi, husomwa Yasini. Tunda haliwekwi. Nilihisi kama mtu kaingia chumbani mwa mjomba bila hodi.

“Ni jirani yetu,” akasema binamu. “Bibi wa Kijapani. Huja kila mwezi.”

Jioni ile nikaenda kumwona. Ni mama mfupi wa miaka themanini na mmoja, mgongo umenyooka kama mlingoti, amezaliwa Marekani na hazungumzi lugha nyingine kwa ufasaha ila Kiingereza. Nilimwita bibi tangu mlangoni. Binamu alipomfasiria akafurahi, akasema muda mrefu hajaitwa hivyo na mtu. Sebuleni kwake, juu ya kabati, palikuwa na kijumba cha mbao nyeusi chenye milango miwili, mfano wa kasha la kuhifadhia msahafu. Ndani yake imening'inia sura ya Amida, Budha wa nuru isiyo na kikomo. Mbele yake kibakuli cha wali wa asubuhi ile, ua moja, na chetezo cha shaba ambacho ningeweza kukikuta nyumba yoyote ya Chumbageni. Wajapani hukiita kijumba hicho butsudan. Harufu iliyokuwemo chumbani si ubani wetu hasa, lakini ni nduguye.

Nikamuuliza kuhusu chungwa. Sikuuliza kwa ukali, ila nadhani alinielewa. Akasema: “Marehemu hali. Najua. Nililiweka ili nikumbuke nilichopewa.”

Nilijua kidogo sana kuhusu Ubudha. Niliwahi kupita mara nyingi mbele ya hekalu dogo la Upanga, Dar es Salaam, lililojengwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi Tanganyika, na sikuwahi kuingia. Nilichokuwa nacho kichwani ni picha ya mtawa aliyenyoa nywele, kakaa amefumba macho, hana haja na dunia. Bibi hakufanana na picha hiyo hata kidogo. Ubudha wake ni wa Jodo Shinshu, madhehebu ya watu wenye ndoa na watoto, wavuvi na wakulima, ambao hutamka jina la Amida kama shukrani, wakiamini kwamba rehema imekwisha kuwafikia kabla hawajaiomba. Kukaa na kutafakari kwa saa nyingi si desturi yao.

Jumapili akatuchukua Gardena kwenye ibada. Pameandikwa kanisa, Kanisa la Kibudha, nami nikadhani tafsiri imenipotosha, lakini ndivyo lilivyo. Mna viti virefu vya mbao vimepangwa safu safu, mna piano, watoto wana darasa lao la Jumapili, na waumini husimama wakaimba tenzi. Kisha sala zinageuka zinakuwa za Kijapani cha kale, sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka, na waumini mmoja mmoja wakapita mbele, kila mtu na tasbihi yake mkononi, wakachukua chembe za uvumba kwa vidole vitatu wakaziweka juu ya kaa. Mimi nilisimama pembeni na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyenishurutisha.

Binamu alinitazama kwa mshangao nilipomwambia kwamba nimeona Ubudha siku ile kwa mara ya kwanza. “Mbona mimi hufanya kila siku?” akasema, akanionyesha simu yake.

Wakati wa korona alikuwa akitoka zamu hawezi kulala. Akifumba macho anasikia mashine za kupumulia. Hospitali ikawapa wafanyakazi mafunzo ya wiki nane: kukaa kimya, kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuliona wazo likija na kuliacha lipite. Mafunzo ya aina hii yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ambayo tiba ilishindwa kuyamaliza. Alikuwa amejifunza taamuli kwa walimu wa Kibudha, na alipoiingiza hospitalini aliivua mavazi ya dini makusudi, ili Myahudi, Mkristo na asiye na dini waweze kuitumia bila wasiwasi. Sasa imeenea mashuleni, magerezani, jeshini na kwenye programu za simu. Nimemwona binamu yangu akijilaza na sauti ile sikioni, na baada ya dakika kumi kalala. Siwezi kulidharau jambo linalompa usingizi mtoto wa mjomba wangu.

Lakini Marekani hii hii nilikuta, katika duka la vifaa vya bustani, vichwa vya Budha vya saruji vimepangwa karibu na mipira ya kumwagilia maji. Havina viwiliwili. Mimi Mwislamu sina uhusiano na sanamu, hata hivyo nilitamani bibi asipite upande ule. Wamarekani wanaojitaja kuwa Wabudha ni kama mtu mmoja katika kila mia. Wanaoipenda taswira ya Budha ni wengi kuliko hao mara nyingi. Upendo huo ndio ulionifanya niulize swali lililonipeleka jangwani. Nilimuuliza bibi: “Basi nyinyi mmependwa hapa?”

Hakujibu pale pale. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna ziara, twende naye.

*

Safari ilianzia karibu, kisiwani. Ukivuka daraja la kijani la Vincent Thomas unaingia Terminal Island, mahali mjomba alipokula ujana wake. Ni makontena juu ya makontena, winchi, malori, na upepo wenye harufu ya dizeli. Katika barabara ya ufukweni zipo sanamu mbili za wavuvi wakitazama maji, na nyuma yao lango la mbao la Kijapani. Kumbukumbu ile iliwekwa mwaka 2002.

Bibi akaanza kunionyesha vitu visivyokuwepo. Hapa palikuwa na shule. Pale duka la sabuni na mchele. Hekalu la Kibudha upande huu, kanisa la Kibaptisti upande ule. Palikuwa na kijiji cha watu kama 3,000, wengi asili yao mkoa wa Wakayama, wanaume wakivua jodari na dagaa, wanawake wakifanya kazi viwanda vya kusindika samaki. Kila kiwanda kilikuwa na king'ora chake. Mashua ikiingia saa tisa za usiku, mama anakitambua king'ora cha kwake, anajifunga kitambaa kichwani anatoka. Mtu wa pwani anaelewa kijiji kama hicho bila kuelezwa sana.

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor. Usiku ule ule polisi wa upelelezi wakaanza kukamata watu, na makasisi wa Kibudha walikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa orodha zilikwisha kuandaliwa kabla vita havijaanza. Kuongoza hekalu kulitosha kumfanya mtu ahofiwe. Mwanzoni mwa Februari 1942 wakakamatwa mamia ya wavuvi wa kisiwa kile, na babu yake bibi akiwa mmoja wao. Tarehe 19 Februari Rais Roosevelt akatia saini amri nambari 9066, iliyolipa jeshi mamlaka ya kuwaondoa Wajapani wote katika pwani ya magharibi, raia na wasio raia. Tarehe 25 Februari watu wa Terminal Island wakapewa saa 48.

“Akina mama peke yao,” alisema bibi. “Waume hawapo. Wanunuzi wakaja na malori, friji dola tano, kitanda dola mbili.” Kisha jeshi la majini likabomoa nyumba zote.

Hofu iliwafanya wengi wachome moto chochote kilichoandikwa Kijapani, barua, vitabu, hata misahafu yao. Wengine walifukia vitu uani. Nyanya yake bibi alikichoma kile kijumba cha mbao, lakini sura ya Amida aliikunja akaishonea ndani ya mto wa mtoto. Ndiyo ile ile niliyoiona San Pedro, na mikunjo yake ingalipo ukiangalia karibu.

Wajapani Wakristo nao waliondolewa, na ni haki kulisema hilo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyehesabu ubatizo wao kuwa dalili ya uhaini.

*

Little Tokyo, katikati ya Los Angeles, tulisimama kona ya Mtaa wa Kwanza na Central. Lipo jengo la matofali la mwaka 1925 lililokuwa hekalu la Nishi Hongwanji, na leo ni sehemu ya makumbusho ya Wamarekani wa asili ya Kijapani. Mbele ya jengo hili familia zilipanga foleni na masanduku yao, kila mtu na kile anachoweza kubeba, zikapakiwa kwenye mabasi. Ndani ya hekalu waliacha vitu walivyotumaini kuvirudia. Vita vilipokwisha na watu wakarudi hawana nyumba, mahekalu yalitandikwa magodoro yakawa hosteli.

Ng'ambo, katika jumba jipya la makumbusho, kilikuwa kimewekwa kitabu. Kinaitwa Ireicho, yaani daftari la kutuliza roho. Mwanazuoni na kasisi wa Kibudha Duncan Ryuken Williams aliongoza kazi ya kukusanya majina ya kila mtu wa asili ya Kijapani aliyefungwa Marekani wakati ule, na yalipatikana zaidi ya 125,000. Serikali iliyowafunga haikuwa na orodha moja iliyokamilika. Kitabu kina kurasa zaidi ya elfu moja, na udongo wa vituo 75 walimofungwa watu umefinyangwa na kutiwa humo. Majina yamepangwa kwa umri, mzee kwanza. Mgeni aliruhusiwa kugonga muhuri mdogo wa buluu, kidoa tu, chini ya jina.

Bibi alivaa miwani. Kwanza babu. Kisha nyanya, baba, mama. Kwa jina lake mwenyewe ilibidi kufunua mpaka karibu na mwisho, kwenye watoto waliozaliwa kambini. Akanipa muhuri mimi. “Mtu hajigongei mwenyewe,” akasema, ingawa sidhani kuna sheria hiyo. Nikagonga taratibu, vidole vyangu vikitetemeka.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Mtaa wa Tatu, lipo hekalu la Higashi Honganji. Februari 2021 mtu aliruka ukuta usiku, akavunja kioo na kuchoma taa za mbao. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Machi, watu wanane waliuawa kwa risasi Atlanta, sita kati yao wanawake wenye asili ya Asia. Wabudha wana desturi ya siku ya 49, siku ambayo huwakumbuka marehemu kama sisi tunavyowakumbuka siku ya arobaini. Tarehe 4 Mei, siku 49 baada ya Atlanta, watawa na makasisi wa madhehebu mbalimbali ya Kibudha, wa asili za Kithai, Kivietinamu, Kikorea, Kijapani, Kichina na nyinginezo, walikusanyika katika hekalu hili lililovunjwa kioo. Wakaweka majina ya waliouawa madhabahuni. Wakaunganisha yungiyungi la kauri lililovunjika, nyufa zake zikajazwa rangi ya dhahabu ili zionekane.

Kabla ya hapo sikuwahi kufikiri kuwa Ubudha una hitima zake.

*

Kutoka Los Angeles hadi Manzanar ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Unauacha mji, unavuka jangwa la Mojave lenye miti ya miiba iliyoinua mikono, kisha barabara nambari 395 inanyooka kaskazini, milima ya Sierra Nevada kushoto, nyika kavu kulia. Binamu aliendesha. Bibi alikaa mbele na kapu la matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, katikati yake tunda chachu la kuhifadhiwa kwa chumvi. Mimi nilikuwa nimepika vitumbua. Alikimega kimoja, akanusa iliki, akauliza kimetengenezwa kwa nini. Nikamwambia mchele. Akala vitatu kabla hatujafika Lone Pine.

Njiani nilimuuliza imani yao ilifikaje Marekani, akanijibu kama mtu anayeeleza ukoo wake. Wachina walikuwa na mahekalu San Francisco tangu miaka ya 1850, wakati wa kuchimba dhahabu, na mwaka 1882 sheria ikawafungia mlango. Mwaka 1893 palikuwa na mkutano wa dini za ulimwengu Chicago, Anagarika Dharmapala akatoka Ceylon, Soyen Shaku akatoka Japani, na wasomi wa Kimarekani wakavutiwa. Hao, alisema bibi, walivutiwa na maneno. Upande wake yeye ulianza tarehe 1 Septemba 1899, waliposhuka melini San Francisco makasisi wawili, Shuye Sonoda na Kakuryo Nishijima. Waliletwa kwa kuombwa na vibarua, watu waliokuwa wakioana, wakizaana na kuzikana ugenini bila kasisi wa dini yao. Nikalikumbuka tena hekalu la Upanga. Wasinhala nao walihitaji mtu wa kuwazika.

Na jina la kanisa? Jumuiya yao ilijiita Misheni ya Kibudha ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1944, ndani ya kambi ya Topaz huko Utah, wakiwa wamezungukwa na seng'enge, viongozi wakakubaliana waitwe Makanisa ya Kibudha ya Amerika. Walitaka kusema kwa lugha inayoeleweka na jirani kwamba wao ni wa hapa. Wapo vijana wao ambao leo wanalirudisha neno hekalu. Bibi anasema kanisa, kwa sababu mama yake alisema kanisa.

Ziwa Owens linaonekana upande wa kulia, jeupe, sehemu kubwa ni chumvi na vumbi, kwa kuwa tangu mwaka 1913 maji ya bonde hili yanapelekwa Los Angeles kwa mfereji. Manzanar kwa Kihispania ni shamba la matufaha, na kweli palikuwa na mashamba ya matunda kabla maji hayajachukuliwa. Kabla ya wakulima lilikuwa bonde la Wapaiute, waliofukuzwa na wanajeshi mwaka 1863. Ardhi hii imezoea watu kuhamishwa.

Halafu ghafla, uwandani, mnara wa mlinzi.

Kambi ilifunguliwa Machi 1942 ikafungwa Novemba 1945. Zaidi ya watu 10,000 waliishi humu kwa wakati mmoja, katika mitaa 36 ya mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami, familia nzima au familia mbili katika chumba kimoja. Upepo ulipenyeza mchanga kwenye nyufa za sakafu, watu wakaziba kwa vifuniko vya makopo. Vyoo havikuwa na sitara kati ya mtu na mtu. Mama yake bibi, akiwa mja mzito, alikuwa akienda usiku wa manane na boksi la karatasi ngumu la kujikinga. Bibi aliyaeleza haya bila kupandisha sauti, akiwa ameshika mkono wangu, tukipita katikati ya mabanda yaliyojengwa upya kwa ajili ya wageni. Mabanda ya asili hayapo tena. Miongoni mwa vilivyobaki vya asili ni ukumbi mmoja mkubwa, misingi ya saruji, na bustani za mawe. Watu waliofungwa walichimba mabwawa, wakabeba majabali, wakapanda miti, wakatengeneza madaraja madogo mbele ya bwalo la chakula ili foleni ya kungojea chakula iwe na kitu cha kutazama. Nilikaa ukingoni mwa bwawa moja kavu muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mpangilio wa mawe yale ungali mzuri, miaka themanini bila maji.

Dini nayo waliijenga kwa walichonacho. Walichonga vijumba vipya kwa mabaki ya mbao. Katika kambi moja walikozuiliwa makasisi, siku ya kuzaliwa Budha ilipofika, tarehe 8 Aprili 1942, hawakuwa na sanamu ya mtoto Budha ya kumwagia chai tamu kama ilivyo desturi, basi mmoja akaichonga kwa karoti.

Kutoka kambi hizi hizi vijana walijiunga na jeshi la Marekani wakaenda kupigana Ulaya katika kikosi cha 442. Kibati cha shingoni cha askari kilikuwa na herufi ya dini ili ajulikane azikweje: P kwa Mprotestanti, C kwa Mkatoliki, H kwa Myahudi. Mbudha hakuwa na herufi. Ami yake bibi alikufa Italia na kibati kisicho na kitu mahali pale. Ilikuja kufika mwaka 2004 ndipo jeshi la majini lilipompa cheo kasisi wa kwanza wa Kibudha, Jeanette Shin. Na mwaka 2007 wakaapishwa Wabudha wa kwanza katika Bunge la Marekani, Mazie Hirono wa Hawaii na Hank Johnson wa Georgia, Mmarekani mweusi. Bibi alizitaja tarehe hizi kwa kuzihesabu vidoleni. Ya 1988, wakati Rais Reagan aliposaini sheria ya kuomba radhi na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai, aliitaja mwisho. Babu na nyanya walikuwa wamekwisha kufa.

*

Makaburi yako nyuma ya kambi, upande wa mlima. Umesimama mnara mweupe wenye herufi tatu nyeusi za Kijapani: mnara wa kutuliza roho. Ulijengwa Agosti 1943, mwashi akiwa Ryozo Kado, Mkatoliki, vijana wa Kibudha wakimsaidia, na herufi zikaandikwa na kasisi wa Kibudha Shinjo Nagatomi. Kila familia ilichanga senti 15. Kuzunguka mnara watu wameacha ndege wa karatasi, sarafu, makombe ya baharini. Kwenye kijikaburi cha mtoto mchanga kulikuwa na kigari cha kuchezea.

Ziara za makundi zilianza mwaka 1969, lakini viongozi wawili wa dini, wazee wa kizazi cha kwanza, walikuwa wakija kila mwaka tangu kambi ifungwe, bila kutangaza. Siku hiyo tulikuwa mamia. Makasisi wa Kibudha wakasoma, sauti ile ile nzito ya Gardena, safari hii ikichukuliwa na upepo. Mchungaji akaomba. Kisha akasimama kijana wa Kiislamu, akasoma Fatiha.

Sikuwa nimejiandaa. Niliinua mikono bila kufikiri, nikaitikia amina pamoja naye, na machozi yakanitoka.

Bibi ndiye aliyenieleza baadaye. Baada ya Septemba 11, 2001, wazee wa Kijapani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusimama hadharani kuwatetea Waislamu wa Marekani, kwa kuwa walizitambua ishara: orodha, kugongewa usiku, majirani kunyamaza. Tangu wakati huo Waislamu wamekuwa wakija Manzanar. Na San Pedro, wiki ile ile ya Septemba, bibi alichuma machungwa ya mti wake akavuka uzio, akamgongea jirani asiyewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Mjomba alikuwa amefunga mapazia. Bibi akamwambia, wakija kukuuliza, nigongee ukutani, saa yoyote.

“Akalimenya chungwa pale pale mlangoni,” bibi akasema. “Akaniambia kwao yako matamu zaidi. Alitaja jina la mahali.”

“Muheza,” nikasema.

“Muheza. Alinitajia miaka kumi na minane.”

Ibada ilipokwisha ngoma ikapigwa na watu wakafanya duara kubwa mavumbini. Wanacheza mchezo wa wachimba makaa wa Japani: unachimba, unachimba, unatupa begani, unautazama mwezi, unasukuma toroli. Miguu haina haraka, mikono ndiyo inayosema, na akina mama wazee ndio walioujua vizuri. Niliwaona kama wacheza lelemama. Bibi akanivuta, nikaingia nyuma yake nikamfuata mikono, binamu nyuma yangu na sare yake ya hospitali chini ya koti, tukazunguka mlima ukiwa juu yetu na theluji yake.

*

Siku moja kabla sijaondoka tulikwenda watatu kaburini kwa mjomba. Nilisoma Yasini yote, nikanyunyiza marashi niliyopewa na mama. Bibi alingoja nyuma, tasbihi yake mkononi, mpaka nilipofunga msahafu. Ndipo akasogea akalitoa chungwa la mwezi ule mkobani, akanitazama kwanza. Nikampisha.

Nilimpigia mama kutoka pale pale, Tanga ikiwa imeingia usiku. Nikamweleza yote kwa mpangilio mbaya, kisiwa, mnara, Fatiha ya jangwani, jirani. Alinyamaza kitambo. Nilidhani simu imekatika.

“Hilo chungwa,” akasema mama, “mwambie bibi huyo alichague lenye ganda la kijani. Mdogo wangu hakuwa akipenda yaliyoiva sana.”